Kalamu Iliyopakwa Mafuta

Habari za msiba zilinipata nikiwa na pini mdomoni. Nilikuwa napinda sketi ya shule, kazi yangu ya kila siku, simu ikalia juu ya cherehani na nikaibonyeza kwa kiwiko. "Pegi," sauti ikasema, na kwa jina hilo tu nikajua ni Wambui, niliyekaa naye dawati moja Kitengela, kwa sababu hakuna mwingine aliyebaki kuniita hivyo. "Pegi, mzee wako ameenda. Pasta. Asubuhi hii." Sikujibu. Wambui akadhani nalia. Ukweli ni kwamba nilikuwa na pini mdomoni, na ukweli mwingine ni kwamba kunyamaza katika mambo ya Pasta ni kitu nilichokifanya zaidi ya miaka ishirini, kwa hivyo mdomo ulishazoea.

Wanaonijua hapa Kajiado mjini wanajua mimi si mtu wa kutoka. Kitengela si mbali, watu huenda asubuhi na kurudi na mboga za jioni, lakini mimi nikifika tu sokoni naanza kuikumbuka sufuria niliyoiacha jikoni, kama mtoto mchanga aliyeachwa peke yake. Mume wangu husema siku ya kunizika itabidi wanibembeleze ndio nitoke. Watu huchukulia ni tabia tu, kama vile wengine wanavyopenda chumvi nyingi. Mimi najua ilianza wapi. Kuna mwaka mmoja nilitolewa nje sana, nikaonyeshwa watu sana, na tangu hapo nikaona nyumba ni kitu kizuri kuliko vyote, mradi mlango wake niufunge mwenyewe.

Ni mwaka nilipokuwa kidato cha nne, nikikaa kwa Pasta Kimeu na mke wake, Anti Kavata. Kwa nini nilikuwa kwao na si kwetu, hiyo ni stori nyingine na haina raha. Nyumbani nilimwita Pasta Anko, mbele ya waumini nikamwita Pasta, na nikichanganya Anti alinikanyaga mguu chini ya meza. Nililala stoo. Kanisa letu lilikuwa la mabati, hapo tu ng'ambo ya ua, na vyombo vyake vya muziki vililala nami ili visiibwe: spika kubwa, ngoma, kinanda kilichofunikwa shuka kama maiti, na stendi za maikrofoni zilizosimama pembeni wima, zikiniangalia nikivaa. Spika moja iliziba dirisha. Nilijua kumekucha kwa kusikia punda wa maji wakipita, si kwa kuona mwanga. Mlango ulikuwa pazia, kwa hivyo yote yaliyosemwa sebuleni yalinifikia: nani ameacha kutoa sadaka, binti wa nani ameonekana na dereva wa lori la Namanga, na mimi nimekuwaje siku hizi. "Huyu msichana anafikiria sana," nilimsikia Anko akisema siku moja. Anti akamjibu, "Afikirie wapi, na stoo imejaa hivyo."

Nilitaka kuwa nesi. Niliseme hilo mapema kwa sababu ndilo lililonipeleka pabaya. Ili uchukuliwe unesi ulihitaji kupita bayolojia vizuri, na bayolojia ya kidato cha nne iliishia na mada ambayo nyumbani kwa Anko ilikuwa na jina moja tu: ya nyani. Anko alikipekua kitabu changu mwanzoni mwa mwaka, akafika kwenye picha za mafuvu yaliyopangwa kwa mstari kama familia inayosubiri kupigwa picha, akaenda kwenye kamba ya nguo na kurudi na pegi ya bluu. Kitabu kilikuwa cha shule, huwezi kukichana wala kukitia gundi. Akazibana zile kurasa zote pamoja. "Hapa," akasema, "hakuna kitu chako." Nikaenda shuleni na kitabu kilichobanwa kama soksi. Wambui akakitazama, akanitazama, na kutoka siku hiyo jina langu la Mutheu likafa shuleni. "Aki, Pegi, mafuvu yasije yakatoroka," aliniambia kila somo. "Shikilia vizuri."

Usidhani nilikuwa naonewa na mtu nisiyemwamini. Nilimwamini kabisa. Niliokoka kwa mkono wake, nikaimba kwa kwaya yake, na nilikuwa na hakika Mungu ananiona, na kwamba mara nyingi anaazima macho ya Anko kunionea. Shida yangu ni kwamba nilimwamini pia Mwalimu Koinet. Huyu alikuwa mtu wa Mashuuru, mrefu, mwenye koti moja la kahawia, mwimbaji wa besi katika kanisa lingine hapo mjini, na alifungua kila somo kwa sala. Siku ya kuanza ile mada alifumba macho akasema, "Bwana, utusaidie tuelewe wanavyosema. Amina." Kisha akageukia ubao. "Supa," akatusalimu kwa Kimaasai, nasi tukaitikia, "Ipa." "Wasichana, nisikizeni. Hii ni ya mtihani. Ya kuamini, mtaulizana na wachungaji wenu. Mimi nalipwa ya mtihani." Darasa likacheka. Mimi nikaandika hata hiyo. Wambui akachungulia daftari langu na kunong'ona, "Umeandika pia analipwa?"

Nilikuwa nimeweka pegi yangu juu ya dawati, nikifungua kurasa darasani na kuzibana kengele ikilia. Nilijifunza kwa mtindo huo, kwa kutoa na kurudisha. Mifupa ya kale. Viungo vinavyofanana kati ya mkono wa mtu na bawa la popo. Vitu mwilini vilivyobaki bila kazi: kidoletumbo, kifandugu. Nilirudi nyumbani navyo kichwani na kukaa mezani mbele ya ugali, nikihisi kifandugu changu kinagusa benchi, na nikaona haya kana kwamba Anko anakiona. Hakuna aliyenipiga mwaka huo, hakuna aliyenitukana. Ila nilijisikia kama nimesimama mlangoni, upande huu wananivuta na upande ule wananivuta, na wote ni watu wazuri.

Jambo la pegi nililiona katikati ya mwaka. Jumamosi nilienda mazoezi ya kwaya nikaacha kitabu stoo juu ya spika, na nilipokirudia pegi ilikuwa ya njano. Nikasema labda nimesahau. Jumamosi iliyofuata nilibana bluu, nikakuta nyekundu, na haikuwa imebana mahali pale. Ilikuwa imesogea kurasa kadhaa mbele, kwenye kidoletumbo. Basi siku moja nilirudi mapema kwa sababu mpiga kinanda hakuja. Kupitia dirisha la sebule, lililotazama njiani, nikamwona Anko amekaa na miwani yake, kitabu changu mapajani, kidole kikifuata mstari kama anavyofuata maandiko. Ile pegi alikuwa ameibana kwenye mfuko wa shati ili isipotee. Nikarudi hatua chache nikagonga geti kwa kelele. Akaja kufungua mwenyewe, na ile pegi bado iko kwenye shati, nyekundu, mahali ambapo Jumapili huweka kalamu. "Umerudi," akasema. "Nimerudi, Anko." Tukatazamana. Nilitazama kila kitu isipokuwa mfuko wake. Anti akatokea jikoni, akaiona, akaichukua na kwenda kuanikia kitambaa.

Kisha ikaja siku ya maombi ya watahiniwa. Wanaosoma nje ya nchi hii huenda hawana kitu hicho, lakini kwetu hakuna shule inayothubutu kuingia mtihani wa kitaifa bila hiyo. Wazazi wanakuja na nguo za kanisa, mhubiri anaalikwa, na watahiniwa wanaleta kalamu, rula na vifaa vya hesabu viombewe. Mhubiri aliyealikwa mwaka wetu alikuwa Anko. Asubuhi hiyo walimpa chai katika chumba cha walimu, na mimi, kwa kuwa nilikuwa wake, nikatumwa kubeba thermos. Mwalimu Koinet alikuwa hapo, na mandazi mkononi.

"Mwalimu," Anko akamwambia, akitabasamu kwa ajili ya wengine, "nasikia babu yako alikuwa nyani."

"Babu yangu alikuwa na ng'ombe, Pasta. Nyani hafugi."

Walimu wakacheka. Anko pia akacheka, lakini hakuachia. "Lakini unawafundisha watoto wetu."

"Nawafundisha kinachoulizwa. Kwetu wazee wanasema ng'ombe walishushwa kutoka mbinguni. Hiyo nayo siwafundishi, kwa sababu haiulizwi."

"Na wewe mwenyewe, unaamini nini?"

Mwalimu Koinet alitafuna mandazi hadi yakaisha. "Mimi naamini huyu msichana anaweza kuwa nesi," akasema, akinielekezea kidevu. "Akijibu maswali yote."

Nilimwaga chai kwenye sahani. Anko akasema, "Mutheu, angalia unachofanya," kwa upole sana, na upole wake ndio ulionitisha.

Uwanjani waliweka meza, na juu ya meza beseni ya plastiki, ile ya kufulia. Tukapita kwa mstari tukitia kalamu zetu ndani. Anko akaomba, akamimina mafuta. Wahubiri wengine hugusa tu kwa kidole. Anko hakuwa mtu wa kugusa tu. Alimwaga chupa nzima, akazikoroga kalamu kwa mkono kama anakanda unga, na katikati ya maombi akapaza sauti: ikiwa kuna kalamu humu itakayothubutu kuandika kwamba mtu alitoka kwa mnyama, kalamu hiyo igome, ikauke, isitoe hata nukta. Wazazi wakasema amina. Kisha akaniita mbele. Akaweka mkono juu ya kichwa changu na kuuambia uwanja mzima kwamba binti wa nyumba yake ataliacha swali hilo wazi, jeupe, na bado Mungu atampitisha, nao watakuja kusikia. Mafuta yalinitiririka kwenye sikio. Nyuma ya umati nilimwona Mwalimu Koinet amekunja mikono ndani ya lile koti. Hakusema amina wala hakutikisa kichwa.

Nilipewa kalamu yangu ikiteleza kama samaki. Nilikuwa na nyingine nyumbani, kavu. Asubuhi ya mtihani wa bayolojia Anko mwenyewe alinitilia ile ya mafuta mfukoni na kupiga mfuko mara mbili.

Swali lilikuwa la mwisho, la insha, lenye alama nyingi. Nililisoma, nikaliona kama mtu niliyemjua amesimama barabarani. Nilijua jibu lote. Ningeweza kulisema nikiwa nimelala kati ya zile spika. Nikafikiria unesi, nikafikiria uwanja ule wote na mkono kichwani, nikaomba, kwa maneno mafupi kwa sababu muda ulikuwa unaenda: Bwana, kama hutaki, nizuie. Nikaweka kalamu kwenye karatasi. Haikuandika. Nikajaribu tena, ikakwaruza tu, mkwaruzo mweupe usio na wino. Msimamizi alipita akanitazama, na nadhani aliona mtoto anayetaka kuzimia. Niliketi hapo, kalamu mkononi, nikiwa na hakika kwamba Mungu amefika darasani Kitengela na amekaa kwenye ncha ya biro yangu.

Halafu nikaona kiganja changu kinang'aa. Mafuta yalikuwa yakitoka kwenye kalamu, joto limeyalainisha, na mkono wangu uliokuwa ukiegemea juu ya karatasi ulikuwa umeipaka. Biro haiandiki kwenye mafuta. Mtu yeyote aliyewahi kufanya homework karibu na chapati anajua hilo. Nikapangusa kiganja kwa sketi, nikapangusa ncha ya kalamu kwa pindo lake, nikafungua ukurasa mpya, safi, na nikaandika. Niliandika mifupa, nikaandika mkono na bawa, nikaandika kidoletumbo. Sikuhisi nimemshinda Mungu. Nilihisi amesogea kando kidogo kunipisha, kama mtu anayekupisha kwenye mlango mwembamba. Hadi leo sina maelezo bora zaidi.

Mchana nilikuta muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, mezani, na Anko amekaa akingoja, hajagusa. Anti alikuwa jikoni akikaanga vitunguu.

"Swali lilikuja?"

"Lilikuja, Anko."

"Na kalamu?"

"Iligoma."

Uso wake ulifunguka kiasi kwamba nilitamani niishie hapo. Nilikuwa bado sijaketi. "Iligoma kabisa?" akauliza.

"Mwanzo. Ilikuwa mafuta. Nikaipangusa na sketi, ikaandika."

Akanitazama, kisha akatazama pindo la sketi, na doa lilikuwepo. Nilingoja. Nilishapanga kichwani nguo nitakazobeba, na hazikuwa nyingi. "Iliandika nini?" akauliza, kwa sauti ya chini.

Nikamwambia. Nilisimama hapo mezani na kumwambia jibu lote kama nilivyoliandika, naye akasikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, mtu ambaye aliwakatiza hata wazee. Nilipofika kwenye kidoletumbo akainua kidole. Alikuwa amepasuliwa miaka iliyopita na kovu lake tulilijua sote, kwa sababu alilihubiri. "Hicho ndicho walinitoa mimi?"

"Ndicho."

"Na kilikuwa cha kazi gani?"

"Wanasema zamani kilisaidia kusaga majani."

"Majani," Anko akasema. Akajishika tumbo. Mabega yakaanza kutikisika, na akacheka, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kanisani, cha pumzi, hadi akavua miwani. "Na daktari alinilipisha." Akajipangusa macho. Kisha akavaa miwani, akavuta sahani yake. "Haya. Kaa ule, kinapoa."

Nilikula nikifikiri nimetoka salama.

Jumapili alipanda madhabahuni. Akasema, "Kanisa, mnakumbuka tulivyoomba. Swali likaja. Mtoto wetu akaweka kalamu kwenye karatasi. Kalamu ikagoma." Akanyamaza. Hakusema neno lingine. Hakuwa na haja. Kanisa lilisimama lenyewe, likapiga vigelegele na kuumaliza mwisho lenyewe. Alinitafuta kwa macho katikati ya kwaya. Nimewaza sana mtazamo ule. Siku hizo nilidhani ananionya. Sasa ambapo nina umri wake wa wakati huo, nadhani alikuwa ananiomba.

Matokeo yalipokuja nimepita, moto ukawaka. Mtoto aliyeacha swali jeupe na bado Mungu akampa. Tulialikwa Embulbul, tukaalikwa Loitokitok, tukaenda hadi Mashuuru, kwao Mwalimu Koinet, ambako niliomba asiwepo. Kila mahali ilikuwa vilevile: Anko anafika kwenye kalamu kugoma, ananyamaza, kisha anasema, "Mutheu, simama wakuone." Nasimama. Wananiona. Nakaa. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hata moja. Nafasi ya unesi ilikuja na ikapita tukiwa njiani. Anko alisema watanichukua mwaka ujao, na mwaka ujao hawakunichukua. Nikaolewa Kajiado na mtu mpole mwenye nyumba yenye milango ya mbao, nikanunua cherehani.

Kwa hiyo juzi nilifunga mlango huo wa mbao na kwenda Kitengela. Hema lilikuwa limejaa. Wambui aliniwekea kiti. "Pegi, umenenepa," akasema, "nyumba inakulisha." Kwenye kijitabu cha mazishi, chini ya picha ya Anko akiwa na maikrofoni, waliandika habari ya muujiza wa kalamu, na kabla sijajikunja vya kutosha mchungaji kijana aliyemrithi akaniita. "Dada Mutheu yuko hapa. Tumesikia ushuhuda huu tangu tukiwa watoto. Leo tutausikia kwa kinywa chake."

Sikuwahi kushika ile maikrofoni, na nilikuwa nimelala na stendi yake mwaka mzima. Ilikuwa nzito. Mbele yangu alikaa Anti Kavata katika nguo nyeusi, mikono mapajani. Nikasema, "Kalamu iligoma." Hema likasema amina. Hapo ndipo Anko alipoishia siku zote. Mimi nikaendelea. "Ilikuwa mafuta. Nikaipangusa na sketi. Nikaandika jibu lote. Na yeye nilimwambia siku hiyohiyo, akanisikiliza."

Watu walitazamana kama wanaogeuza kitu mikononi waone kinashikwa wapi. Kisha mzee mmoja nyuma akasema, "Amina," labda kwa mazoea, na hema zima likamfuata. Mchungaji kijana akachukua maikrofoni kwa mikono miwili. "Mmesikia, kanisa? Ni mafuta. Ni mafuta yaliyofanya kazi. Na jibu lote ni la Bwana." Kinanda kikaingia. Wambui alikuwa ameficha uso nyuma ya kijitabu, mabega yakimtikisika. Nikarudi kukaa. Nilikuwa nimesema kila kitu, na niko palepale.

Baadaye, watu wakipanga foleni ya pilau, nilimpelekea Anti sahani yake chumbani. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, viatu amevua. Hakuichukua sahani. Alinishika mkono.

"Mutheu. Ile siku ya mtihani nilikuwa jikoni. Vitunguu vilikuwa vinapiga kelele, sikusikia mlichosema. Lakini nilimsikia akicheka." Akanivuta karibu. "Hivyo hakuwahi kucheka na mimi. Nilimuuliza hadi amelala hospitali, akaniambia nikuulize wewe. Sikujua nianzie wapi. Mlikuwa mnacheka nini?"

Nikaweka sahani chini. Nikasukuma mlango ukafunga, nikaketi kando yake kitandani.

"Ilikuwa ni kidoletumbo, Anti," nikasema, na kabla sijafika kwenye majani alikuwa ameshaanza kucheka.